Mdogo wangu alizama ziwani na mwili haukupatikana: asiye na kaburi atafufukaje?

Dada wa Kyeshero, Goma

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Naleta mbele yenu swali ambalo familia yetu imelibeba tangu Oktoba 2024, na ningewaomba mnaojibu mjibu kwa utulivu, kwa sababu majibu ya haraka tumekwisha kuyapokea mengi mno.

Mdogo wangu alikuwa ndani ya ile meli iliyotoka Minova ikazama katika Ziwa Kivu mbele ya bandari ya Kituku hapa Goma, karibu sana na nchi kavu, hata waliokuwa wakiisubiri waliiona ikilala ubavu. Barabara ya Sake ilikuwa imefungwa na vita, kwa hiyo mtu yeyote aliyekuwa na safari au mzigo wa kuleta Goma alipitia ziwani. Waliopatikana walitambuliwa wakazikwa. Yeye hakupatikana. Tulifanya kilio bila jeneza: picha yake iliwekwa juu ya kiti kilichotandikwa kitenge, na watu walioingia wakawa hawajui wainamie wapi. Tangu siku ile mama hali sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wala haruhusu zipikwe nyumbani, na nadhani kila anayesoma hapa anaelewa sababu bila mimi kuieleza.

Ukoo wetu una Wakatoliki, Wapentekoste na Waadventista, na kila aliyekuja kutufariji alileta mafundisho ya kanisa lake. Mzee mmoja alituambia kwamba mdogo wangu yuko mbinguni tayari, anaimba pamoja na malaika, na kwamba kuendelea kulia ni upungufu wa imani. Mjomba wetu, ambaye ni Mwadventista, alisema kwamba amelala na hajui neno lolote hadi Bwana atakaporudi. Katekista alituhimiza tumwombee, nami nikajiuliza: kama yuko mbinguni, tunamwombea nini, na kama amelala, sala inamfikiaje? Kisha shangazi, ambaye amebatizwa kama sisi sote, akasema alimwona ndotoni akiwa amelowa, anaomba arudishwe nyumbani. Baada ya ndoto hiyo baba mkubwa ameshikilia kwamba tuzike nguo zake kando ya kaburi la babu, ili roho yake isitangetange.

Lakini kilichonichoma zaidi si maneno ya watu bali ni Neno lenyewe. Katika ibada moja ya kilio ilisomwa Yohana sura ya 5: "saa yaja, ambayo watu wote waliomo makaburini wataisikia sauti yake". Niliposikia neno "makaburini", sikuweza kufuatilia mengine yaliyosomwa. Mdogo wangu hayumo kaburini. Tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi hapa kwetu Kongo, jirani zetu wanapochukua majembe kwenda kufyeka na kusafisha makaburi ya wazazi wao, sisi hatuna pa kwenda na jembe.

Naomba kuelezwa, kwa Maandiko na kwa mafundisho ya makanisa yenu, yuko wapi sasa, na Mungu atamfufuaje mtu ambaye mwili wake umekwisha kuwa sehemu ya ziwa na ya viumbe vilivyomo. Na mama anauliza kama tutamtambua.

---

Katekista wa Himbi, Goma

Dada yangu, pole sana, na umfikishie mama pole zetu. Nitaanza na lile neno lililokuumiza, kwa kuwa naona ndilo lililoshika mlango wa mengine yote.

Yohana 5 inataja makaburi kwa sababu ndiko walikowekwa wafu wengi wa Wayahudi waliokuwa wakimsikiliza Yesu, lakini Biblia haikuwasahau waliokufa majini. Fungua Ufunuo 20:13: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Angalia kwamba bahari imetajwa kwanza, kabla ya Mauti na Kuzimu. Watu wa zamani waliiogopa bahari kuliko ardhi kwa sababu ile ile inayokutesa wewe: ardhi humtunza mtu mahali panapojulikana, na maji hayamtunzi. Yohana akaandika kwamba siku hiyo bahari nayo itadaiwa, na itawatoa.

Tena swali lako liliwahi kuulizwa kwa ukatili na maadui wa Kanisa. Mwaka 177, katika mji wa Lyon, ambao leo uko Ufaransa, Wakristo wengi waliuawa kwa ajili ya imani. Waliowaua waliiacha miili yao nje kwa siku sita, wakaichoma, kisha wakayafagia majivu na kuyatupa katika mto Rhône, na sababu yao waliisema wazi: waliona kwamba watu hao hawakuogopa kifo kwa kuwa walitumaini ufufuko, basi wakataka tumaini hilo lisibakiwe na kitu cha kulishikilia. Kanisa likaendelea kukiri ufufuko wa miili, na mashahidi wa Lyon bado tunawakumbuka. Hakuna mahali ambapo Wakristo wa wakati ule walifundisha kwamba Mungu ameshindwa na mto.

Mtakatifu Monika, mama yake Agostino, yule mwalimu mkubwa wa Kanisa la kale, alikuwa Mwafrika, na kwa miaka mingi alitamani kuzikwa kando ya mumewe katika nchi yao. Mwaka 387 akashikwa na ugonjwa huko Ostia, karibu na Roma, na wanawe walipohangaika kuhusu mahali pa kumzika aliwaambia waulaze mwili wake popote, wasisumbuke, ila wamkumbuke tu kwenye altare ya Bwana. Alipoulizwa kama haogopi kuuacha mwili mbali na kwao, alijibu kwamba hakuna kilicho mbali na Mungu, na kwamba hana hofu kuwa siku ya mwisho Mungu atakosa kujua amfufulie wapi. Jibu hilo ningependa mama yako alisikie kutoka kwa mama mwenzake.

Sasa, yuko wapi? Kanisa Katoliki linafundisha kwamba kila mtu hupokea hukumu yake binafsi mara tu anapokufa, na kwamba roho haisubiri usingizini. Nakueleza pia kwamba jambo hili halikufikiwa bila kufikiri. Mwaka 1331 Papa Yohane wa Ishirini na Mbili alihubiri huko Avignon kwamba roho za watakatifu hazitamwona Mungu uso kwa uso mpaka siku ya ufufuko. Wanateolojia wengi walimpinga, naye akaliacha wazo hilo mwaka 1334, akiwa karibu kufa. Mwaka 1336 mrithi wake, Benedikto wa Kumi na Mbili, akatangaza rasmi kwamba waliokufa katika neema ya Mungu, wasio na kitu cha kutakaswa, wanamwona Mungu hata kabla ya ufufuko, na kwamba wenye haja ya kutakaswa watamwona baada ya utakaso huo. Utakaso huo ndio tunaouita toharani. Wengi huiogopa kana kwamba ni jehanamu ndogo, na hofu hiyo haitokani na mafundisho ya Kanisa: kila aliyeko toharani ana hakika ya kuokoka, kinachobaki ni kuandaliwa. Ndiyo maana katekista wenu aliwahimiza kusali, kama Yuda Makabayo alivyotuma sadaka Yerusalemu kwa ajili ya askari wake waliokufa vitani, katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo sura ya 12.

Tunaamini pia kwamba wako ambao tayari wanamwona Mungu, na mmoja wao alitembea katika mitaa yetu hii. Floribert Bwana Chui aliuawa hapa Goma mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visipite mpakani kuja kuliwa na watu. Alipotangazwa mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025, Kanisa lilikuwa linasema kwamba kijana huyo wa Goma yu hai mbele za Mungu sasa hivi, na kwamba tunaweza kumwomba atuombee.

Kuhusu nguo: kuweka alama ya kumbukumbu si dhambi, na hata misa ya mazishi inaruhusiwa kuadhimishwa mwili usipokuwapo. Kosa liko katika ile sababu aliyoitoa baba mkubwa. Roho ya aliyebatizwa haitangitangi ikitafuta nyumba, wala nguo haziifungi mahali. Wahenga wetu tunawakumbuka, na misale, yaani kitabu cha sala za misa, iliyoidhinishwa mwaka 1988 kwa majimbo ya nchi yetu inawaita pamoja na watakatifu mwanzoni mwa misa, wale waliomtumikia Mungu kwa dhamiri njema; tunawaita kama ndugu walio mikononi mwake, hatuwatulizi kama watu wanaotudai. Kama mkikubaliana kuziweka nguo hizo ardhini ili familia ipate mahali pa kusimama na kusali, padri aelezwe, na shangazi aelezwe pia, taratibu, kwamba ndoto yake ni uchungu wa mtu anayempenda.

Na yule aliyewakataza kulia asome Yohana 11:35. Yesu alijua kwamba baada ya muda mfupi atamtoa Lazaro kaburini, na bado alilia.

---

Mzee wa Kanisa, Kamalondo, Lubumbashi

Dada mpendwa, mimi ni Mwadventista wa Sabato kama mjomba wako, na naogopa kwamba maneno yake yalisikika makali kwa sababu yalisemwa kwa ufupi. Kumwambia aliyefiwa "hajui neno lolote" na kunyamaza hapo ni kumpa nusu ya fundisho, tena ile nusu ya baridi.

Sisi tunaanza na Mwanzo 2:7. Mungu alimfanya mtu kwa mavumbi, akampulizia pumzi, mtu akawa nafsi hai. Hatusomi kwamba alipewa kitu kisichoweza kufa kikakaa ndani yake. Paulo anamwambia Timotheo kwamba Mungu peke yake hapatikani na mauti, na anawaambia Wakorintho kwamba sisi tutavaa kutokufa wakati wa parapanda ya mwisho. Petro, siku ya Pentekoste, alisema waziwazi kwamba Daudi hakupanda mbinguni, na kaburi lake lilikuwa bado kwao. Kwa hiyo tunaposoma Mhubiri 9:5, kwamba "wafu hawajui neno lolote", tunaamini kwamba Sulemani alisema kweli tupu. Mfano wa tajiri na Lazaro katika Luka 16 tunauchukua kama mfano, uliotolewa ili kuwaonya wapenda fedha, si kama ramani ya mahali walipo wafu.

Yesu mwenyewe ndiye aliyekuita kufa kulala. "Rafiki yetu, Lazaro, amelala", alisema, nami ninakiona kitulizo kikubwa katika neno lile la kwanza. Aliyelala ni rafiki, na anayekwenda kumwamsha anamjua kwa jina. Mdogo wako hahesabu miezi wala hasikii baridi ya maji, na hayuko mahali anapoiona familia yake ikiteseka asiweze kusaidia. Kwake yeye, kati ya saa ile ya Kituku na sauti ya Kristo hakutakuwa na muda wowote wa kungoja. Ayubu aliliona hilo aliposema, katika sura ya 14, kwamba Mungu angeita naye angeitika.

Kwa sababu hii nina wasiwasi na ile ndoto kuliko katekista alivyo. Aliyelala haji usiku kuomba arudishwe. Sauli alipokwenda kwa mwanamke wa En-dori kutafuta maneno ya Samweli aliyekufa, aliondoka akiwa amevunjika zaidi ya alivyokwenda. Simlaumu shangazi, kwa kuwa hakuitafuta ndoto hiyo, lakini naomba sana ukoo usifanye jambo lolote kwa amri ya ndoto, maana leo imeomba nguo na kesho itaomba mbuzi.

Baada ya ufufuo wa wenye haki, tunaamini kwamba waliookolewa watakaa na Kristo mbinguni miaka 1,000, kisha mji mtakatifu utashuka na dunia hii itafanywa upya. Tunakokwenda ni hapa hapa, duniani iliyoponywa. Hapo, dada, sioni kwamba mimi na katekista tunapingana.

---

Mama wa Kadutu, Bukavu

Nimesoma yote polepole. Mimi kaburi ninalo. Mtoto wangu alikufa akiwa na miezi minne, nikamzika, najua jiwe lilipo, na nimefyeka majani yake kwa mikono yangu. Nakuambia, dada, si kwa kulinganisha maumivu, kwamba kuwa na kaburi hakukuniondolea swali lako hata moja. Unasimama pale na bado unauliza yuko wapi. Wanaodhani kwamba wewe unateseka kwa sababu ya kukosa shimo tu hawajui.

Naomba wachungaji wanijibu na mimi. Mtoto aliyekufa kabla ya kujua kutamka "mama" atakuwa mtoto mchanga milele? Nitamkuta wa kubebwa mgongoni, au nitamkuta mtu ambaye sikupata nafasi ya kumlea?

---

Mchungaji wa Ibanda, Bukavu

Amani ya Kristo iwe kwenu. Mimi ni mchungaji wa Kiprotestanti, na nitasema machache juu ya hali ya sasa ya marehemu ili nikae zaidi kwenye swali la mwili, ambalo ndilo lililomfanya mama yenu aache sambaza.

Juu ya hali ya sasa, makanisa yetu mengi yanashika maneno ya Paulo, aliyetamani "kwenda zangu nikae na Kristo", na aliyesema kwamba kutoka katika mwili ni kukaa pamoja na Bwana. Mwaka 1534 Yohana Calvin, mmoja wa walimu wakuu wa mwanzo wa Uprotestanti, akiwa bado kijana, aliandika kitabu kizima kuwapinga waliofundisha kwamba roho hulala, kwa hiyo mjadala huu kati yetu na ndugu zetu Waadventista si wa jana. Toharani hatuifundishi, kwa kuwa tunaamini kwamba damu ya Kristo imemaliza utakaso wote. Lakini tusimwache dada yetu afikiri kwamba kuwa na Kristo baada ya kufa ndio mwisho wa tumaini letu. Roho iliyo na Bwana nayo inangoja, na inachokingoja ni mwili. Mahubiri mengi ya matanga hutaja mbingu mara kumi bila kutaja ufufuo hata mara moja, ilhali Paulo alipoandika ili Wathesalonike "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini", hoja yake ilikuwa ufufuo: "ikiwa twaamini ya kwamba Yesu alikufa akafufuka, vivyo hivyo na hao waliolala katika Yesu, Mungu atawaleta pamoja naye." Tena hakuwakataza kuhuzunika. Aliwakataza aina moja tu ya huzuni.

Sasa mwili ulioliwa. Mama asione haya kwa wazo hilo. Wapagani waliwauliza Wakristo wa karne za kwanza swali hili hili, wakalifanya kuwa gumu zaidi: mwili ukiliwa na mnyama, na mnyama akaliwa na mtu, nyama ile itafufuka ikiwa ya nani? Agostino alilichukua kwa uzito, akajibu kwamba kilichotoweka machoni petu hakijatoweka mbele ya Muumba, na kwamba aliyeweza kukifanya chote kutoka pasipo kitu hashindwi kukirudisha. Mimi huongeza kwamba hata walio hai hawaushiki mwili wao. Nyama na damu ya mtu mzima si ile aliyozaliwa nayo, na bado mama anamtambua mwanawe kuwa ni yule yule aliyemzaa. Kinachotufanya tuwe sisi hakikuwahi kutunzwa na nyama peke yake. Kimetunzwa na Mungu tangu tumboni.

Paulo anatoa mfano wa mbegu katika 1 Wakorintho 15, na mfano huo unatosha. Punje ya mahindi huoza udongoni, haionekani tena, na kinachoota hakifanani nayo kwa sura, lakini haioti mtama. Mwili "hupandwa katika uharibifu, hufufuliwa katika kutoharibika". Aliyezikwa katika jeneza la mbao nzuri na aliyezama Kituku wote wawili wameharibika, tofauti yao ni muda tu, na wote wawili wanahitaji muujiza ule ule. Mungu hana kazi ngumu zaidi kwa mmoja kuliko kwa mwingine.

Kuhusu kutambuana, tazameni Injili zinavyomweleza Yesu mfufuka. Alikuwa amebadilika, kwa maana Mariamu Magdalena alidhani ni mtunza bustani, na wale wawili wa njia ya Emau walitembea naye wasimjue. Lakini Mariamu alimtambua mara alipoitwa kwa jina lake, na Tomaso alionyeshwa alama za misumari. Mwili wa utukufu ulibeba hata makovu. Yesu alikula kipande cha samaki mbele yao. Sioni jinsi mtu anavyoweza kuyasoma hayo kisha afundishe kwamba mbinguni tutakuwa wageni baina yetu. Yesu alipowaambia Masadukayo kwamba katika kiyama hawaoi wala hawaolewi, alisema juu ya ndoa. Upendo hakuufuta. Daudi, mtoto wake mchanga alipokufa, alisema: "Mimi nitakwenda kwake", na mtu hawezi kusema hivyo juu ya mtu asiyetarajia kumjua.

Hapo ndipo ninapomjibu mama wa Kadutu. Agostino alidhani kwamba watoto wachanga watafufuka wakiwa na mwili uliokamilika, ule ambao wangeufikia kama wangekua, kwa sababu utoto uliokatwa katikati ni upungufu, na Mungu harudishi kitu kikiwa pungufu. Maandiko hayalisemi hilo waziwazi, kwa hiyo nakupa kama maoni ya mwalimu mkubwa na siyo kama amri ya kuaminiwa. Ninachokuhakikishia kwa Maandiko ni kwamba Yesu aliwachukua watoto mikononi akasema ufalme ni wa walio kama hao. Mama, hujapokonywa haki ya kumjua mwanao.

Dada wa Kyeshero, usome pia Ufunuo 21:1. Yohana anaona mbingu mpya na nchi mpya, na anaongeza maneno mafupi ambayo wasomaji wengi huyapita: "wala hapana bahari tena". Aya tatu baadaye anasema kwamba Mungu "atafuta kila chozi katika macho yao". Kwa watu wa mwambao wa Kivu, aya hizo mbili zinapaswa kusomwa pamoja.

---

Dada wa Kyeshero, Goma

Nawashukuru wote, na wewe mama wa Kadutu kwa namna ya pekee. Nimemsomea mama jibu la Monika, akaniomba nilirudie.

Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema tangu kilio. Mdogo wangu alikuwa ameacha kwenda kanisani. Hakuwa mtu mbaya, alitusaidia sisi sote, lakini ilikuwa muda mrefu hajaungama wala kushiriki meza ya Bwana, na mama alikuwa amegombana naye juu ya hilo kabla hajasafiri. Sasa naelewa kwamba alipouliza kama tutamtambua, alikuwa anauliza kama atakuwapo. Nijibu nini?

---

Katekista wa Himbi, Goma

Mjibu kwanza kwamba swali hilo ni la Mungu kulijibu, na kwamba hakuna mzee, katekista wala nabii wa ndoto aliyepewa ruhusa ya kulijibu kwa niaba yake. Kanisa Katoliki limetangaza kwa majina watakatifu wengi sana, lakini katika historia yake yote halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yumo jehanamu. Jehanamu tunaikiri, maana Yesu aliitaja, na mtu anaweza kumkataa Mungu hadi mwisho. Lakini hakuna aliyeujua mwisho wa kijana huyu isipokuwa Yule aliyekuwa naye majini.

Mkumbushe mama mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Hakubatizwa, hakupata nafasi ya kurudisha alichoiba wala ya kuhudhuria ibada. Alikuwa na pumzi chache tu, akazitumia kusema "unikumbuke", na akajibiwa: "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Mtu anayezama ana muda wa kutosha kwa sentensi hiyo. Hata asiye na nafasi ya kuitamka anaweza kuigeuza moyoni, na Mungu aliyemsikia Yona ndani ya samaki hahitaji sauti. Siwezi kumwambia mama kwamba najua alifanya hivyo. Namwambia kwamba hana sababu ya kuamini kwamba hakufanya, na kwamba ugomvi wao ulitokana na mama kutaka mwanawe awe na Mungu, jambo ambalo Mungu halitumii kumhukumu mtoto wala mzazi.

Hapa pia ndipo ninapoona maana ya kuwaombea marehemu, ingawa najua mchungaji wa Ibanda na mzee wa Kamalondo hawatakubaliana nami. Mungu hafungwi na saa zetu. Sala ambayo mama anaisali leo, yeye aliijua siku ile meli ilipopinduka, na hakuna kinachomzuia kuihesabu kwa ajili ya dakika ile.

Njoo na mama parokiani siku yoyote ya kazi kabla ya tarehe 2 Novemba, jina la mdogo wako liandikwe katika nia za misa ya marehemu wote. Kama mnawafahamu wengine ambao ndugu zao walikuwa katika meli hiyo na hawakupatikana, waulizeni, bila kujali kanisa lao, kama wangependa majina yao yasomwe pamoja. Nitazungumza na paroko juu ya misa ya mazishi, na baba mkubwa aalikwe kwenye mazungumzo hayo kabla hajachimba popote.

---

Mzee wa Kanisa, Kamalondo, Lubumbashi

Juu ya sala kwa marehemu katekista amesema kweli kwamba sikubaliani naye. Lakini juu ya mama huyu sina la kupunguza. Abrahamu aliuliza: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?", na mimi swali hilo nimelishika katika vifo vya nyumbani kwangu. Dada, mwombe mjomba wako amtembelee mama tena, akae naye, amsomee Yohana 11 yote mpaka pale Lazaro anapotoka, asiishie katikati.